Spika: tutengeneze wenyewe au tununue Luthuli?

Neno spika limebebeshwa kazi nyingi mno. Ukifika Luthuli Avenue hapa Nairobi ukasema unataka spika, muuzaji mzoefu atakuuliza kwanza: na boksi au tupu? Boksi ni lile kabati la mbao lililokamilika, na nyaya zake na kila kitu. Tupu ni ile sehemu ya duara yenye sumaku nyuma na koni ya karatasi mbele, yaani sehemu ambayo ndiyo hasa inayotoa sauti. Mainjinia wanaiita draiva, lakini mtaani ukisema draiva watu watageuka kutafuta matatu iko wapi. Kwa hiyo katika makala hii nitasema spika tupu na boksi, tuelewane.

Kibera na Kawangware kuna mafundi wengi wa boksi. Ukipita nyuma ya soko la Toi, au ukishuka pale stejini 46, utasikia msumeno kabla hujaona kibanda. Wanakata mbao, wanagundisha, wanafunika zulia jeusi kwa nje na kufunga kona za chuma ili boksi lisipasuke likirushwa juu ya pikapu. Wateja wao ni makanisa ya mabati, vibanda vya kuonyesha mpira, madijei wa harusi na disko matanga, na wenye matatu. Boksi wanaunda wenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Lakini sijawahi kukuta hata fundi mmoja anayetengeneza spika tupu. Wote wananunua mjini.

Sasa kuna kikundi cha mafundi Kawangware chenye chama, na chama kina akiba ya miaka kadhaa. Waliniuliza, kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta na kwa hiyo inadhaniwa ninajua kila kitu chenye waya: je, tutumie pesa hizi kuanza kutengeneza spika zetu, au tuendelee kununua? Hasira yao naielewa. Walinunua spika za inchi 12 kutoka duka moja kwa muda mrefu, wateja wakaridhika. Siku moja mzigo ukaja na stika ile ile, rangi ile ile, bei ile ile, lakini spika ukiibeba ni nyepesi. Sumaku imepunguzwa! Boksi zile zile walizozoea kuunda zikaanza kulia vibaya, besi inavuma kama pipa tupu, na lawama zote zikamwangukia fundi. Mteja hamjui aliyeunda spika kule ng'ambo. Anamjua aliyeunda boksi.

Sisi waandishi wa programu tunagombania jambo hili hili kila wiki. Tuandike wenyewe au tuchukue maktaba ya programu iliyokwisha andikwa na wengine? Kila upande una hoja zake na kila upande una makovu. Niliwaambia wanipe muda nisome historia ya watu wa spika, maana wamekuwa na ugomvi huu kwa karne nzima, kabla hata ya kompyuta ya kwanza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwanzoni hapakuwa na swali lolote. Aliyetaka spika ilibidi aitengeneze yote. Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walikuwa na karakana ndogo mjini Napa, California. Mwaka 1915 walifaulu kuunganisha koili inayotembea ndani ya sumaku na pembe kubwa kama ya gramafoni, sauti ikasikika mbali sana. Kampuni yao iliitwa Magnavox, yaani sauti kuu kwa Kilatini, na mwaka 1919 Rais Wilson wa Marekani alihutubia umati mkubwa San Diego kwa vyombo vyao. Hapakuwa na Luthuli ya kununulia. Walijitengenezea kila kipande.

Kisha mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric wakachapisha maelezo ya spika isiyo na pembe: koni ya karatasi, koili ndogo ya waya wa shaba iliyogundishwa kwenye shingo ya koni, sumaku ya kuizunguka koili, na ubao wa kuzuia sauti ya nyuma isiue sauti ya mbele. Fungua spika yoyote leo Laini Saba au Makina, hata ile ya redio ndogo ya betri, utakuta kimsingi ni mchoro ule ule. Miaka mia! Kwenye kazi yangu kitu kikidumu miaka kumi tunakifanyia sherehe.

Mara tu mchoro ulipotulia, kazi ikagawanyika. Huyo huyo Jensen aliondoka Magnavox na mwaka 1927 akaanzisha kampuni yake, akawa anauza spika tupu kwa wenye viwanda vya redio. Leo Fender alipokuwa akiunda amplifaya zake za gitaa miaka ya 1950 alinunua spika za Jensen. Kule London, Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ngoma mtaa wa Hanwell, alianza kuuza amplifaya mwaka 1962, na spika zake zilitoka Celestion. Sauti ya gitaa la roki ambayo dunia nzima inaijua imepita kwenye spika ambazo mwenye jina lililoandikwa mbele ya boksi hakuzitengeneza. Wala hakuna aliyemcheka. Nasema hivi kwa sababu mafundi wetu wengi wana haya fulani, kana kwamba kununua spika tupu ni ishara ya kutokuwa fundi kamili. Hilo ni la kuliondoa kichwani kwanza kabisa.

Kwa upande wa pili wapo walioanza kwa kutengeneza. Gilbert Briggs wa Yorkshire alianza mwaka 1932 kwa kuunda spika kwenye chumba cha chini cha nyumba yake huko Ilkley, kando ya mto Wharfe, ndiyo maana kampuni ikaitwa Wharfedale. Ni karakana ya nyumbani hasa, jua kali bila jua. Lakini angalia alichotengeneza: spika tupu. Watu wengine waliinunua wakaitia kwenye maboksi yao. Na Briggs alifanya jambo moja ambalo naliheshimu kuliko yote: mwaka 1948 alitoa kitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida spika inafanyaje kazi. Aliuza spika akagawa na maarifa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Edgar Villchur wa Marekani. Yeye aligundua kwamba spika za wakati wake zilishikiliwa na kingo ngumu mno, na kwamba ugumu huo ndio unaoharibu besi. Wazo lake lilikuwa hili: legeza kingo kabisa, halafu ziba boksi pande zote pasipite hata hewa kidogo, ili hewa iliyofungiwa ndani ndiyo iwe springi ya kuirudisha koni mahali pake. Hewa ni springi nzuri kuliko karatasi iliyokunjwa. Shida ni kwamba hapakuwa na duka duniani lililouza spika yenye kingo laini kiasi hicho. Kila mtu aliuza ngumu. Sasa alifanya nini? Alichukua spika ya kununua, Western Electric ya inchi 12, akakata kingo zake na kuweka kitambaa cha godoro badala yake. Ikalia. Mwaka 1954 yeye na aliyekuwa mwanafunzi wake, Henry Kloss, wakaanzisha Acoustic Research na kuanza kutengeneza spika zao wenyewe, na boksi lao dogo likatoa besi iliyowashinda wenye makabati makubwa kama friji.

Tazama mpangilio wake. Hakuanza na kiwanda. Alianza na spika ya mtu mwingine, wembe, gundi na kitambaa cha godoro, yaani vifaa ambavyo fundi yeyote wa redio pale Olympic anavyo mezani sasa hivi. Na alipoamua kutengeneza mwenyewe, sababu haikuwa hasira kwa muuzaji. Alihitaji kitu ambacho hakikuwa kinauzwa popote.

Na wale walionunua, walipatwa na nini? Hapa kuna kisa cha shirika la BBC. Miaka ya 1970 wahandisi wake walihitaji spika ndogo ya kutumia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo hata kugeuka ni shida. Wakabuni boksi dogo liitwalo LS3/5A. Spika mbili zilizomo ndani walizinunua kutoka KEF, kampuni iliyoanzishwa Kent mwaka 1961 na Raymond Cooke, ambaye zamani alifanya kazi Wharfedale kwa Briggs. (Dunia ya spika ni ndogo kama Kibera, kila mtu ni jirani wa mtu.) BBC ikatoa leseni kwa kampuni kadhaa kuunda boksi hilo, na zote zililazimika kununua spika kwa KEF. Likawa maarufu mno, hata majumbani. Kisha ikaonekana kwamba spika zinazotoka kiwandani zilikuwa zimebadilika polepole, hazifanani tena na zile za mwanzo, na mwaka 1987 ikabidi mchoro wa ndani urekebishwe ili kwenda na spika hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF ikaacha kuzitengeneza, na waundaji wa boksi wakabaki hawana cha kutia ndani.

Sasa linganisha na wale wenzetu wa Kawangware. Ugonjwa ni ule ule: muuzaji amebadilisha spika kimyakimya. Lakini BBC walijuaje kwamba imebadilika? Walipima. Walikuwa na namba za spika ya kwanza kwenye karatasi, wakalinganisha na namba za spika mpya. Mafundi wetu walijua kwa kubeba mkononi, na wakati huo wameshauza maboksi. Tutarudi hapa.

Kabla ya hapo kuna swali ambalo mtu wa chama aliniuliza: lakini wale wanaotengeneza kila kitu si wako salama? Hapana, na sababu haiko mbali na sisi. Kawangware kuna sehemu inaitwa Congo, lakini ninayotaka kuizungumzia ni Congo yenyewe, kule Katanga, ambako watu wanazungumza Kiswahili chao cha Lubumbashi.

JBL ya California, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa mfano wa kampuni inayotengeneza spika zake yenyewe kwa fahari. Lakini sumaku nzuri za wakati huo zilikuwa za alniko, na alniko haitoki bila kobalti, na nchi iliyoongoza dunia kwa kobalti ilikuwa Zaire. Mei 1978 waasi waliokuwa na makao Angola waliingia mji wa migodi wa Kolwezi. Mamia ya watu waliuawa, wenyeji na wageni, wanajeshi wa miamvuli wa Ufaransa na Ubelgiji wakashushwa, migodi ikasimama na mafundi wa kigeni wakakimbia. Bei ya kobalti ilipanda zaidi ya mara mbili kwa muda mfupi. Ndani ya miaka michache hivi watengenezaji wakubwa wa spika, JBL wakiwa miongoni mwao, waliiacha alniko wakahamia sumaku za feraiti, zile nyeusi zinazofanana na mandazi yenye tundu katikati, zinazotengenezwa kwa oksidi ya chuma. Ilibidi wachore upya sehemu yote ya nyuma ya spika ili sauti isiharibike.

Kwa hiyo aliyetengeneza naye alikuwa mnunuzi. Alihamisha tu mahali pa kununulia, kutoka spika hadi sumaku, kutoka sumaku hadi madini. Miaka ya 2010 na 2011 jambo hilo hilo liliwapata waliokuwa wamehamia sumaku nyepesi za neodimiamu, pale China ilipobana mauzo ya madini hayo nje na bei ikaruka. Ni sawa na mwandishi wa programu anayejisifu kwamba ameandika kila kitu mwenyewe. Ndugu yangu, na kompaila je? Na chipu je?

Haya, turudi nyumbani Afrika Mashariki, maana na sisi tuliwahi kulijibu swali hili, tena kwa mkataba wa serikali. Mwaka 1964 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikutana Kampala kugawana viwanda ili kila nchi isijenge kile kile. Kenya ilipewa balbu za stima. Uganda ilipewa baiskeli na mbolea. Tanganyika, pamoja na magurudumu ya magari na uunganishaji wa Land Rover, ilipewa redio: kuunganisha redio na kutengeneza sehemu zake. Umesoma vizuri, na sehemu zake! Kwenye karatasi tayari kulikuwa na ndoto ya siku moja kutengeneza vile vya ndani.

Mkataba ulitekelezwa nusunusu, lakini viwanda vya redio vilikuja. Matsushita ya Japani ilianzisha kampuni yake Dar es Salaam mwaka 1966, ikatoa betri na redio za National ambazo wazazi wetu wanazikumbuka hadi leo. Philips nao walikuwa na kiwanda Arusha. Kazi kubwa ilikuwa kuunganisha vipande vilivyotoka nje. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na soko ambalo viwanda hivyo vilihesabia likakatwa vipande. Upande wetu wa Kenya, leseni za kuagiza bidhaa na udhibiti wa fedha za kigeni viliondolewa mwaka 1993, na vyombo vya umeme vya bei nafuu vikamiminika, kwanza mitumba kisha vipya. Luthuli tunayoijua leo ni mtoto wa mabadiliko hayo. Wufa zilizokamilika, na rimoti yake, zinafika kwenye katoni, na bei yake inamtia fundi wa boksi jasho.

Kwa nini nasimulia haya? Kwa sababu kiwanda cha spika kinahitaji wingi. Koni inatakiwa kubonyezwa kwa karatasi yenye unene ule ule kila mara. Koili inapita kwenye mwanya usiofikia hata milimita moja kila upande, ikigusa tu umeisha. Sumaku ya feraiti lazima ichomwe tanuuni, kisha itiwe nguvu kwa mashine ya umeme mkubwa. Fremu ya chuma tu ndiyo naamini wafua bati wa Kamukunji wangeweza kuigonga vizuri. Vyote hivyo vinalipa ukiuza makumi ya maelfu. Mpango wa nchi tatu wenye soko la pamoja ulikwama njiani. Chama cha watu kumi na wawili kitafanyaje?

Lakini si kwamba jua kali halijui kugawana kazi. Angalia jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lililoenea Nairobi kuanzia miaka ya mapema ya 1980, likifuata mfano wa jiko la Thailand. Wafua bati wa Shauri Moyo wanaunda ganda la nje. Udongo wa ndani unachomwa na watu wengine kabisa, kwenye karakana zao, na fundi wa bati anaununua. Hakuna anayemwambia fundi wa bati kwamba si fundi kwa sababu hachomi udongo. Mbona mpango huo haukumletea mateso ya wale wa Kawangware? Kwa sababu kipimo kinaonekana kwa macho. Udongo ukija mdogo au mkubwa, hauingii kwenye ganda, unaurudisha siku hiyo hiyo. Kwenye spika, kipimo kinachoamua kila kitu hakionekani. Spika mbili za inchi 12 zinaingia kwenye tundu lile lile, boliti zile zile, na moja italia vizuri na nyingine itavuma kama pipa.

Waliokionesha kipimo hicho walikuwa Australia. Mwaka 1961 Neville Thiele aliandika makala ya kuonesha kwamba tabia ya spika kwenye besi inaweza kuelezwa kwa namba chache tu, na Richard Small, Chuo Kikuu cha Sydney, akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1972 na 1973. Kwangu mimi hili ndilo tukio kubwa katika historia yote ya kununua au kutengeneza, na cha ajabu ni kwamba makala ya Thiele ilikaa miaka kumi bila watu wengi wa nje kuisoma, hadi ilipochapishwa tena Marekani 1971. Kabla yake, mnunuzi wa spika tupu alibahatisha: unda boksi, sikiliza, vunja, unda tena. Baada yake, muuzaji makini anakupa karatasi ya namba na wewe unajua boksi lako litakuwaje kabla hujakata ubao. Sisi tungesema alitenganisha vizuri maktaba na programu inayoitumia. Huhitaji kujua ndani kuna nini, ilimradi kiolesura kiko wazi.

Namba ni tatu hasa. Ya kwanza ni mtetemo wa asili wa spika, yaani ukiigonga koni kidogo inapenda kutikisika mara ngapi kwa sekunde. Ya pili ni ulaini wake, ambao hupimwa kwa lita za hewa: hewa ya lita ngapi ingekuwa springi yenye nguvu sawa na kingo zake? Ya tatu inaeleza mtikisiko unakufa haraka au pole, na hapa sumaku ndiyo breki. Sumaku ikipunguzwa, namba hii inapanda.

Chukua mfano wa kubuni. Spika ina mtetemo wa asili wa hezi 40 na ulaini wa lita 60. Fundi anaitia kwenye boksi la lita 20 lililozibwa, kwa sababu mteja anataka kitu kidogo cha kuweka chini ya kiti cha matatu. Gawanya 60 kwa 20, unapata 3. Ongeza 1, unapata 4. Kipeuo chake ni 2. Basi ndani ya boksi hilo mtetemo umepanda mara mbili, hadi hezi 80, na ile namba ya tatu nayo imezidishwa kwa 2. Besi ya chini imepotea na mahali pake pamekuja uvimbe mmoja kwenye hezi 80, ule mvumo wa pipa. Hakuna amplifaya itakayotibu hilo. Ukiongeza sauti ili utafute besi iliyopotea, amplifaya inazidiwa, inaanza kukata mawimbi, na twita ndiyo inayoungua. Nimeona makanisa yakinunua twita mpya kila baada ya miezi michache wakati ugonjwa uko kwenye lita za boksi la besi.

Spika nyingi za bei ya mtaa haziji na namba hizi, au zinakuja na namba za kupamba katoni, wati 1000 na kadhalika. Habari njema ni kwamba zinapimika. Unahitaji kompyuta yoyote yenye tundu la kuingiza sauti kwa njia mbili, resista moja ya omu 100, nyaya, na programu ya bure kama REW. Programu inapeleka sauti kupitia resista hadi kwenye spika tupu iliyolala wima bila boksi, na inachora upinzani wa spika kwa kila mtetemo. Palipo na mlima kwenye mchoro ndipo penye mtetemo wa asili, na umbo la mlima linatoa namba ya tatu. Kupata ulaini, unabandika kwenye koni udongo wa kuchezea watoto uliopimwa kwenye mizani ndogo ya sonara, gramu 20 hivi, unapima tena, mlima unashuka, na programu inafanya hesabu. Ukishazoea ni dakika kumi kwa spika moja.

Kwa hiyo jibu nililowapa chama ni hili. Msijenge kiwanda. Nunueni. Lakini msinunue tena kwa stika. Chukueni spika moja katika kila mzigo, mpime kabla ya kulipia ile mingine, na namba muandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Sumaku ikipunguzwa tena, namba ya tatu itapanda, tuseme kutoka 0.4 hadi 0.6, na mtaiona mezani kabla mteja hajaisikia harusini. Hapo mna uchaguzi: kuirudisha, au kudai bei ishuke na kuunda boksi kubwa zaidi linaloifaa.

Sehemu nyingine ya akiba niliwashauri waiweke kwenye kutengeneza spika zilizoungua. Mmoja wao tayari anafanya kazi hii: anatoa koni iliyokufa, anasafisha mwanya wa sumaku, anaweka koili mpya akiikita katikati kwa vipande vya karatasi, anagundisha, anasubiri hadi kesho. Hiyo ni nusu ya kiwanda, nusu iliyo ngumu kwa mikono, na haihitaji kuchoma sumaku. Spika kuukuu yenye sumaku kubwa iliyotupwa pale Kibera kwa sababu koili imeungua ni mali. Fundi huyo akiwa na namba, ataweza kuchagua koni nzito au nyepesi kwa makusudi, si kwa kilichopatikana.

Mmoja wa vijana hakuridhika. Akauliza, basi hatutatengeneza kamwe? Nikamwambia kuna njia, ile ya kitambaa cha godoro. Kuna wateja ambao Luthuli haiwahudumii vizuri: mhubiri wa mtaani mwenye sola na betri moja, kwa mfano, ambaye wati 10 ndizo zote alizo nazo. Yeye hahitaji spika ya kubeba wati 500. Anahitaji koni nyepesi yenye sumaku kubwa, kama zilivyokuwa za miaka ya 1930 wakati amplifaya zilikuwa dhaifu. Kila desibeli 3 za wepesi zinampunguzia nusu ya umeme. Spika kuukuu ya sumaku kubwa ikitiwa koni nyepesi inaweza kumfaa, na kama wakiunda kumi zikapendwa, hapo watakuwa wanatengeneza kitu ambacho hakiuzwi.

Walipiga kura wenyewe, mimi si mwanachama. Laptopu kuukuu imenunuliwa, resista ilikuwa bure kutoka kwenye redio mbovu. Mzigo wa kwanza uliopimwa ulikuwa wa spika nane za inchi 12, na mbili zilitofautiana na wenzake kiasi cha kurudishwa dukani. Muuzaji alibisha kwanza, kisha akaomba aoneshwe ule mchoro. Ukiwa na spika tupu yoyote uliyoipima, iwe ya gari, ya kanisa au ya redio ya babu, nitumie namba zake tatu na jina lililo kwenye stika. Nitaziweka hapa zote kwenye jedwali moja ambalo yeyote anaweza kulinakili.